Hita inavuja ndani ya gari: jinsi ya kuthibitisha, kuziba na kujaza upya

Baridi ya Juni ikianza kushika Njombe, Makete na Mbeya, maswali yanayonifikia huwa yale yale. Kapeti la abiria limelowa na mvua haijanyesha. Kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafutamafuta, ukiufuta unarudi. Maji ya rejeta yanapungua kila baada ya siku 2 au 3, na chini ya gari hakuna hata tone. Wengi wanaouliza wameshaambiwa dashibodi yote ifunguliwe, na wengine wameshanunua gasketi ya silinda hedi (kizibio kinachokaa kati ya hedi na bloku ya injini) ambayo hawakuihitaji. Ndiyo maana naandika hatua zote mahali pamoja, ili ushike bisibisi ukiwa unajua unatafuta nini.

Mfano wangu ni Toyota Corolla 110, kwa sababu bado ziko nyingi barabarani na zimeshazeeka vya kutosha kuanza tatizo hili. Carina, Sprinter, Sunny na ndugu zao wa miaka ya 1990 wanafuata mpangilio huohuo, tofauti ni mahali mipira inapopita tu.

Wewe wa Dar, Tanga au Mombasa usiseme hayakuhusu kwa kuwa hujawahi kuwasha hita tangu ununue gari. Hita ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Injini inaipelekea maji ya moto kwa mpira mmoja na kuyarudisha kwa mwingine. Ukiizima, valvu inafunga njia au kibao kinazuia hewa isipite kwenye joto, lakini maji bado yamo na presha bado ipo. Mpira unazeeka na chuma kinaliwa, utumie hita usitumie.

Andaa hivi kwanza

- Tochi yenye mwanga mkali, na kioo kidogo cha mkononi kama unacho
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, soketi namba 8, 10 na 12
- Kisu chembamba au wembe, na msasa laini
- Beseni pana la kukingia, matambara, karatasi nyeupe za chooni
- Kulanti (kimiminika cha rangi cha kupoozea injini), pamoja na maji yaliyochujwa kwa mvuke ikiwa kulanti yako ni ile ya kuchanganya
- Mpira wa hita na klipu mpya (usinunue kabla hujafika hatua ya 7)
- Glavu, na simu ya kupigia picha

Kuhusu maji: muuzaji ukimwambia "maji ya betri" anaweza kukupa chupa ya asidi. Soma lebo. Unachotaka ni maji safi yasiyo na kitu, yale ya kuongezea betri ambayo tayari ina asidi yake. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yanayopatikana sehemu nyingi za pwani, yaache kabisa. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu na hedi ni aluminiamu, na chumvi inakula vyote viwili.

Onyo kabla hujagusa chochote. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Njombe mjini, kwa mwinuko ule, maji ya kawaida yanachemka yakifika kama nyuzi 93. Ndani ya rejeta yanavuka hapo bila kuchemka kwa sababu tu kifuniko kimeyabana. Ukikilegeza, yanalipuka kuwa mvuke usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja na kuubonyeza bila kuungua. Kwa gari lililotoka safari ni saa nzima au zaidi.

Na kulanti ni sumu. Nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ina ladha tamu, kwa hiyo mbwa huilamba na mtoto anaweza kuinywa. Usiihifadhi hata siku moja kwenye chupa ya soda.

Sehemu ya kwanza: je, ni kulanti kweli?

1. Bandika karatasi nyeupe kwenye kapeti lililolowa, upande wa abiria na upande wa dereva, ubonyeze kwa nguvu. Angalia rangi: kijani, nyekundu au waridi ni kulanti. Isipokuwa na rangi, usihitimishe bado, maana huenda rejeta yako imejazwa maji matupu kwa miaka.

2. Sugua unyevu huo kati ya vidole viwili, kisha unuse. Kulanti inateleza kama sabuni nyembamba na ina harufu tamu ya sharubati iliyoungua. Maji ya AC hayana harufu wala utelezi. Maji ya mvua yananuka vumbi na kapeti. Usionje.

3. Ikiwa ni maji ya AC, tafuta kimpira cha kutolea maji chini ya gari, upande wa abiria, karibu na ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kikiziba kwa matope, maji yanarudi ndani. Kizibue taratibu kwa waya laini na kazi yako imeisha.

4. Washa gari, liache lipate moto, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele na uweke joto la juu. Kioo kikishika utando ambao ukiupitishia kidole unaacha alama ya mafuta, rejeta ya hita inatoa mvuke wa kulanti kwenye njia ya hewa. Ukungu wa kawaida wa asubuhi ya baridi ni maji tu, unakauka na kuondoka.

Hatua hizi nne zinachukua nusu saa na hazigharimu chochote, na ndizo zinazorukwa kuliko zote. Mwalimu mmoja wa Makambako aliniletea Corolla iliyobadilishwa gasketi ya hedi kwenye gereji aliyoielekezwa. Maji yakaendelea kupungua. Valvu ya hita, nyuma ya injini, ilikuwa inadondosha juu ya ekzosi, na kila tone lilikauka kabla halijafika chini. Madoa meupe yalikuwa pale pale yakionekana. Fedha aliyokuwa amelipa ilikuwa ada ya mtoto, na iliniuma sana kumwambia kilichokuwa kimeharibika ni kitu kidogo kiasi gani.

Sehemu ya pili: vujo linatokea wapi?

Anza nje, upande wa injini. Mara nyingi utalikuta hapo, na hapo panafikika kwa mkono.

5. Injini ikiwa baridi, jaza maji hadi mdomo wa rejeta na hadi alama ya juu kwenye tanki la rizevu. Funga. Washa, liache lipate moto mpaka feni iwake na kuzima mara 2, hita ikiwa imewekwa kwenye joto la juu. Hiyo ya mwisho ni muhimu: Toyota nyingi za umri huu zina valvu ya maji inayovutwa na waya kutoka kwenye kitufe cha joto. Ukiacha kwenye baridi, nusu ya mfumo hujaipima.

6. Zima. Kwa tochi, fuata mipira miwili myembamba inayotoka nyuma ya injini na kuingia kwenye ukuta wa kabini. Angalia kila mwisho wenye klipu, mzunguko wote wa valvu, na sehemu mpira unapogusa chuma. Tafuta tone, lakini zaidi tafuta ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Ukoko ni ushahidi wa vujo lililokauka. Kioo cha mkononi kinakuonyesha upande wa chini, ambako jicho halifiki.

7. Gari likishapoa, minya mipira yote miwili kwa urefu wake. Mzima unarudi kama ulivyokuwa. Ulioharibika unakuwa mgumu na kutoa mlio wa kukatika, au unakuwa laini kama andazi karibu na klipu. Kama mmoja umechoka, badilisha yote miwili, maana imezeeka pamoja.

8. Kama nje pote ni pakavu, rudi ndani. Ondoa kifuniko cha plastiki kilicho pembeni mwa dashibodi ya kati, karibu na miguu, umulike bomba mbili za rejeta ya hita. Pengine vujo lipo pale bomba zinapounganika. Kapeti likiwa kavu juu lakini sifongo ya chini imelowa, maji yanatoka ndani ya boksi la hita.

9. Bado huna uhakika? Tumia pampu ya kupimia presha ya rejeta, ukiweza kuazima gereji. Soma namba iliyoandikwa kwenye kifuniko. 0.9 maana yake kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, takriban kPa 88. Pampu hadi hapo, usizidishe, usubiri dakika 15. Mshale ukishuka na nje ni pakavu, vujo liko ndani ya kabini au ndani ya injini.

10. Kipimo cha mwisho, ambacho mimi nakiamini kuliko vyote: itenge hita. Gari likiwa baridi, chomoa mipira miwili kwenye ukuta wa kabini na uunganishe njia ya kwenda na ya kurudi kwa kipande cha mpira wa hita kilichopinda bila kujikunja. Endesha wiki moja ukipima maji kila asubuhi. Yakibaki palepale, mhalifu ni rejeta ya hita. Yakiendelea kupungua, hita haina kosa.

Usizibe mipira hiyo kwa kupigilia vijiti au boliti. Kwenye baadhi ya injini maji lazima yazunguke kupitia njia ya hita wakati thamostati (valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta) imefunga. Kuunganisha kunaacha mzunguko uendelee, kuziba kunaukata.

Sehemu ya tatu: kubadilisha mpira

11. Weka beseni chini, legeza koki iliyo chini ya rejeta, toa maji lita 2 au 3. Huhitaji kumwaga yote ili kufikia mipira ya hita. Corolla hii inachukua kama lita 5 hadi 6 kwa jumla.

12. Sogeza klipu nyuma kwa koleo. Usiuvute mpira kwa nguvu, wala usiuzungushe kwa koleo kwenye bomba la rejeta ya hita. Hapa ndipo wanaoanza wanaharibu zaidi. Bomba hizo ni nyembamba na zimechomelewa tu, na mpira wa miaka 25 umeshikana nazo kama gundi. Ukivuta, unang'oa kiungo, na kazi ya saa moja inageuka kazi ya siku 2. Pasua mpira kwa wembe kwa urefu, bila kukwaruza chuma, kisha ufungue kama ganda.

13. Safisha bomba kwa msasa laini, mkono mwepesi, uondoe mabaki ya mpira na ukoko. Kutu iliyochimba mashimo haifichwi na klipu. Ikiwepo, bomba au valvu nayo ibadilishwe.

14. Peleka kipande cha zamani dukani. Mingi ya Toyota ina tundu la milimita 16, lakini pima, usikisie. Sema wazi kwamba unataka mpira wa hita. Mpira wa mafuta ya petroli unafanana nao sana na ndio wanaokupa wakikosa, lakini haustahimili kulanti ya moto. Mpira wa bustani unalainika siku ya kwanza. Kama wa zamani ulikuwa na kona yake ya kiwandani, tafuta wenye kona hiyohiyo, maana ulionyooka ukiupinda unajibana na maji hayapiti.

15. Visha klipu kwanza kwenye mpira, lowesha bomba kwa kulanti, sukuma mpira hadi uvuke ule uvimbe kwenye bomba. Klipu ikae nyuma ya uvimbe, isikae juu yake wala ukingoni mwa mpira. Kaza mpaka ishike, usikaze hadi mpira uanze kutoka kama nyama kwenye matundu ya klipu.

Kama ni valvu, kazi ni hiyohiyo, ila ukiirudisha angalia mshale wa mwelekeo wa maji, kisha mwambie mtu azungushe kitufe cha joto uone kijiti chake kinakwenda mwisho hadi mwisho.

Sehemu ya nne: rejeta ya hita yenyewe

Hapa nakuomba ukae chini kwanza ufikirie. Ni kazi ya siku nzima au mbili. Kama unaishi Dar na fedha imebana, kuitenga hita kama hatua ya 10, kwa mpira mzuri na klipu nzuri, ni jibu halali la kudumu, mradi AC inafanya kazi ili ikukaushie kioo wakati wa mvua. Makete, Limuru au Nyahururu sikubaliani nalo. Kuteremka saa 12 asubuhi kwenye ukungu huku kioo cha mbele hakisafiki ni kuhatarisha watu. Pia unapoteza kitu kimoja: gari likianza kuchemsha mlimani, hita ikiwashwa hadi mwisho inapunguza joto la injini na inaweza kukufikisha mahali pa kusimama.

Ukiamua kuitoa:

16. Chomoa waya hasi wa betri. Gari lenye eabegi (mfuko wa hewa wa usalama), subiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa dashibodi. Viunganishi vya rangi ya manjano ni vya eabegi, usivipime kwa taa wala mita.

17. Piga picha kila hatua. Weka skrubu za kila sehemu kwenye mfuko wake na uandike zimetoka wapi. Dashibodi iliyorudishwa bila mpangilio inapiga kelele maisha yake yote.

18. Mwaga maji, chomoa mipira upande wa injini, kisha puliza kwa mdomo kupitia kitambaa safi kwenye bomba moja ili maji yaliyobaki yatokee la pili nje, badala ya kumwagikia kapeti. Kulanti isikuingie mdomoni.

19. Fungua hadi ulifikie boksi la hita. Kwenye magari mengi bomba za gesi ya AC zinapita jirani. Kama haiwezekani kutoa boksi bila kuzifungua, gesi itolewe kwanza na fundi wa AC kwa mashine yake. Usizilegeze mwenyewe, ile gesi inagandisha ngozi na macho.

20. Mpya ikifika, au ya mtumba kutoka Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, ipime kabla ya kuifunga. Ziba bomba moja, itumbukize kwenye beseni, puliza polepole kwa pampu ya baiskeli kwenye la pili. Povu likitoka, irudishe. Dakika 2 hizo zinakuepusha kufungua dashibodi mara mbili.

21. Hamisha ile sifongo inayozunguka kingo, au weka mpya. Bila hiyo hewa inapita pembeni na hita haitoi joto. Kabla ya kufunga dashibodi yote, jaza maji, washa, ukague bomba zote ukiwa bado unaziona.

Za shaba zinaweza kuchomelewa na fundi wa rejeta mwenye mkono mzuri. Za aluminiamu sishauri.

Halafu ile habari ya binzari, yai bichi, pilipili manga na dawa za unga za kuziba matundu. Zinaziba kweli, lakini haziwezi kuchagua mahali. Njia za maji ndani ya rejeta ya hita ni nyembamba kuliko za mahali pengine, kwa hiyo ndizo zinazojaa kwanza, kisha inafuata rejeta kubwa. Nimefungua hita zilizojaa uji mgumu wa njano, na injini ilikuwa imeshachemka. Kama upo porini na huna njia nyingine ya kufika nyumbani, ni uamuzi wako. Ukifika tu, safisha mfumo wote.

Sehemu ya tano: kujaza na kutoa hewa

22. Pandisha gari kwenye mwinuko kidogo, mbele kuwe juu, handibreki imevutwa na mawe nyuma ya matairi. Kitufe cha joto kiweke kwenye joto la juu.

23. Mimina polepole mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji. Kama chupa imeandikwa imeshachanganywa, usiongeze maji. Rangi haikuambii aina, kwa hiyo usichanganye mbili usizozijua. Minya mpira wa juu mara kwa mara, mapovu yatapanda.

24. Washa kifuniko kikiwa wazi, injini ingurume bila kukanyaga mafuta. Thamostati ya injini hii inafunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, utaona maji yanashuka ghafla. Ongeza. Mapovu yakiisha na mipira yote miwili ya hita ikiwa ya moto, funga.

25. Zunguka kilomita 5, rudi, acha lipoe kabisa, fungua, ongeza. Rudia kesho yake asubuhi. Kushuka kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki.

Ukikwama

*Hita inapuliza baridi, geji iko kawaida.* Shika mipira miwili. Wa kwanza moto na wa pili baridi: kuna hewa, valvu haifunguki, au rejeta ya hita imeziba. Anza na hewa, rudia hatua ya 22. Yote miwili moto: tatizo ni kibao cha hewa ndani ya dashibodi.

*Maji yanasikika yakichuruzika nyuma ya dashibodi ukiwasha gari.* Hewa imebaki, au inaingia upya kwa sababu bado panavuja.

*Mpira mpya umepasuka.* Angalia kifuniko. Wengi wanafunga cha 1.1 mahali pa 0.9 wakidhani ni bora zaidi. Presha ikipanda, kilicho dhaifu kinaachia.

*Maji yanapungua, kila kitu ni kikavu, hita imetengwa.* Sasa ndipo utazame gasketi ya hedi: mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, moshi mweupe mtamu usiokoma injini ikiwa ya moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Tazama pia tundu dogo chini ya pampu ya maji.

*Harufu tamu haiondoki baada ya kurekebisha.* Kulanti haikauki kama maji. Toa viti vya mbele, inua kapeti, toa sifongo ya chini na uioshe kwa maji ya moto na sabuni mara 2 au 3, kisha uianike juani mpaka ikauke kabisa. Futa bati la sakafu na uangalie kama kutu imeanza. Kioo cha mbele kisafishe kwa spiriti kwa ndani, halafu puliza hita kwa joto la juu madirisha yakiwa wazi kwa dakika 20. Utando ukirudi baada ya hapo, rudi hatua ya 4.